Timu saba tangu 2016: shemeji ana mkosi, au ndiyo kazi yenyewe?

*"Habari mtaalamu. Naishi Igoma, Mwanza, nauza dagaa wa jumla pale Mwaloni Kirumba. Mume wangu ana miaka 29, ni beki wa kati. Tangu 2016 amechezea timu saba za Ligi Kuu na Championship (daraja la chini yake), na hakuna aliyokaa zaidi ya misimu miwili. Mama mkwe anasema mwanawe amefungwa, tumtafutie mtu wa kumwangalia, la sivyo aache mpira akashike mtumbwi wa familia Ukerewe. Mkataba wake umeisha mwezi wa sita, bado anaidai timu, yaani hawajamlipa mishahara ya miezi mitatu, na wanasema hawampi barua ya kumwachia mpaka asaini karatasi yao. Sasa ana ofa mbili. Timu iliyopanda Ligi Kuu inampa mwaka mmoja, dau la usajili milioni 10 (nusu sasa, nusu Januari), mshahara milioni 1.2. Timu ya jeshi inampa miaka miwili, dau milioni 4, mshahara laki 9, na wamemwambia kwa mdomo kuna ajira. Mimi naogopa miaka miwili, akipata pazuri atakwama. Kuna na meneja anasema atampeleka Oman kwa majaribio, atoe milioni 2.3 za viza na 'usajili wa TMS'. Goti la kulia linavimba baada ya mechi lakini amenikataza kusema. Na likizo hii kila Jumapili yuko kwenye ndondo, mechi za mtaani. Tufanyeje?"*

Dada yangu, umeuliza mengi kwa pamoja, ila la haraka ni hiyo karatasi. Asiisaini. Sababu nitaieleza, lakini kama shemeji yuko karibu mwambie sasa hivi, ndipo uendelee kusoma.

Nianze na mama mkwe, maana naona ndiye anayekunyima usingizi zaidi ya meneja wa Oman. Shemeji hajafungwa. Anafanya kazi ambayo imeundwa hivyo. Ligi Kuu ina timu 16. Simba, Yanga na Azam zinaweza kumpa mtu mkataba mrefu kwa sababu zinajua mwakani zitakuwa wapi. Nyingi kati ya zilizobaki hazijui. Klabu inayopigania kubaki haiwezi kujifunga mishahara ya miaka mitatu wakati msimu ukiisha inaweza kujikuta Championship, ambako wadhamini ni wachache na haiji mechi ya Simba wala Yanga ya kujaza uwanja. Kwa hiyo inatoa mwaka mmoja, basi. Katikati ya msimu kocha anafukuzwa, anakuja mwingine na watu wake anaowaamini, na kwa kuwa nafasi za usajili zina ukomo, ili mmoja aingie lazima mwingine atemwe. Beki anaweza kuwa amecheza vizuri na bado kibarua kikaota nyasi.

Tazama hapa hapa kwetu. Toto Africans ilishuka 2017. Mwaka huo huo Mbao ilikuwa gumzo la mji, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kufungwa na Simba 2-1 katika dakika za nyongeza. 2020 nayo ikashuka. Alliance ilipanda 2018, ikashuka 2020. Geita Gold ilipanda 2021, ikashuka 2024, msimu ule ule ambao Pamba Jiji ilikuwa inarudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20. Mchezaji wa Mwanza aliyeanza 2016 na akaapa kutohama angeishia wapi? Timu zenyewe ndizo zilizokuwa zinahama chini yake.

Na si jambo la Tanzania tu. Unamkumbuka yule Mruguay aliyepiga penalti ya mwisho ya kudokoa katikati ya goli, Ghana ikatoka Kombe la Dunia 2010 robo fainali? Huyo ni Sebastián Abreu. Amechezea zaidi ya klabu 25 katika maisha yake ya mpira, akaingia hadi kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa wingi wa timu. Mkosi wa aina hiyo wengi wangeuomba.

Asiye na uwezo hapati timu ya tatu, sembuse ya saba. Timu iliyopanda daraja inamtafuta beki wa miaka 29 kwa sababu dakika ya 80 akiwa ugenini uwanja wa Sokoine, Mbeya, wanaongoza bao moja, anajua lini aupige mpira jukwaani na lini atulie. Hicho ndicho anachouza.

Lakini nisikufurahishe tu. Kuna kuhama kwa kawaida na kuna kuhama kwa dalili mbaya. Muulize mwenyewe, kwa upole: katika hizo timu saba, ni ngapi aliondoka msimu ukiwa umeisha, na ngapi aliondoka kwenye dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu? Anayemaliza mkataba na kwenda kwingine ni mchezaji wa mikataba mifupi. Anayeachwa kila Januari, makocha watatu tofauti, huyo ana jambo: nidhamu, mwili, au hilo goti ambalo hataki lisemwe.

Sasa karatasi. Nimeziona nyingi, na mara nyingi mchezaji ananitumia picha kwenye simu akiwa ameshasaini. Juu kuna nembo ya klabu, kuna aya ya kumshukuru kwa mchango wake na kumtakia kila la heri, na chini kabisa, karibu na sehemu ya saini, sentensi moja: "Mchezaji anathibitisha kuwa hana madai yoyote dhidi ya klabu." Saini yake ikikaa pale, mishahara ya miezi mitatu imesamehewa. Akija kudai, klabu inatoa karatasi hiyo na mazungumzo yanakuwa magumu sana.

Na hapa kuna jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui: mkataba wake umeisha, kwa hiyo haihitaji hiyo barua. Barua ya kuachiwa ni ya mtu ambaye mkataba wake bado unaishi na pande mbili zimekubali kuachana. Mkataba uliofika mwisho wake umekufa wenyewe. Shemeji ni mchezaji huru, na klabu mpya inaweza kumsajili kwa kuonyesha mkataba uliokwisha. Hata kabla ya hapo, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine miezi 6 kabla ya mkataba kuisha, kwa hiyo tangu Januari alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Wanaomtishia na barua wanamuuzia kitu ambacho tayari ni chake, na bei yake ni mishahara ya miezi mitatu.

Deni nalo halikufa na mkataba. Watu wa mpira husema "ukishatoka umesamehe". Si kweli. Aandike barua ya madai, ataje kila mwezi na kiasi chake, aambatanishe nakala ya mkataba na taarifa ya benki inayoonyesha mwezi upi pesa iliingia na upi haikuingia. Aipeleke ofisini kwao, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, aitume kwa barua pepe na kwa njia ya posta yenye risiti. Wasipolipa, suala linakwenda TFF, shirikisho la mpira la nchi, kwenye kamati yake inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji. Klabu kadhaa nchini zimewahi kufungiwa kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha, na hakuna kinachomwamsha mwenyekiti wa klabu mapema kama kufungiwa dirisha likiwa wazi. Ndiyo maana wanataka hiyo saini sasa, wakati huu wa usajili, na si mwezi wa kumi.

Kwa siku za mbele ajue pia kwamba kanuni za FIFA zinasema hivi: klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, mchezaji anaiandikia na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Neno la kushika hapo ni kuandika. Anayekusanya mabegi usiku na kupanda basi la kurudi Mwanza kwa sababu hajalipwa, hata kama anadai miezi minne, anaweza kugeuziwa kibao kwamba yeye ndiye aliyetoroka kazini.

Tuje kwenye ofa. Umeniandikia dau kwanza, kama kila mtu anavyofanya, na mimi naomba tulisogeze pembeni kidogo. Tupige hesabu. Timu iliyopanda inaahidi milioni 10 za dau na mishahara ya mwaka milioni 14.4, jumla milioni 24.4. Timu ya jeshi inaahidi dau milioni 4 na mishahara ya miezi 24, milioni 21.6, jumla milioni 25.6. Kwa mwaka wa kwanza peke yake jeshi ni milioni 14.8. Ukiangalia hivi, mwaka mmoja wa timu iliyopanda unakaribia miaka miwili ya jeshi, na mtu yeyote angekimbilia huko.

Ila ile nusu ya Januari ndiyo pesa ninayoiogopa kuliko zote. Januari ni dirisha dogo. Kama timu iko mkiani, kocha mpya keshaingia na pesa iliyopo inanunua mshambuliaji. Shemeji akiwa kwenye orodha ya kuachwa, atalipwaje milioni 5 za usajili na watu wanaomwonyesha mlango? Anastahili, na anaweza kudai, lakini kudai na kulipwa ni vitu viwili, na hilo analijua leo. Tuseme hiyo milioni 5 haikuja, na mishahara ya miezi mitatu imekwama kama ilivyokwama safari hii. Anabaki na milioni 15.8. Bado ni zaidi kidogo ya mwaka wa kwanza wa jeshi! Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ofa ya kwanza ni ya kijinga. Swali liko mwaka wa pili: akiwa na miaka 30, mwezi wa saba, hana mkataba, anahitaji kupata milioni 9.8 mwaka huo ili alingane na yule aliyekaa jeshini. Kama goti ni zima, atazipata. Kama si zima, hapana.

Nauliza pia vitu vidogo ambavyo barua yako haikuvitaja. Hiyo milioni 1.2 ni kabla ya makato au mkononi? Ni ya miezi 12, au ni ya miezi ambayo ligi inachezwa tu? Wengine huandika mkataba wa mwaka na kulipa miezi 10. Anaishi wapi, kambini au anapanga? Akiumia kazini nani analipa matibabu, na mshahara unaendelea? Mkataba ukisema "mshahara utalipwa kulingana na hali ya kifedha ya klabu", sentensi hiyo ifutwe au asisaini. Tarehe ya malipo iandikwe kwa namba.

Hofu yako ya miaka miwili naielewa, lakini kwa umri wake naiona kinyume. Mkataba mrefu ni mzigo kwa kijana wa miaka 20 anayepanda. Kwa beki wa 29 ni ngao. Ila usiamini wanaosema mkataba unavunjika kirahisi, unalipa tu unaondoka. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum alijaribu kuvunja mkataba wake na Yanga kwa kulipa shilingi milioni 112. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na alihamia Azam mwezi wa sita baada ya klabu kukubaliana. Kama shemeji anataka mlango, uandikwe ndani ya mkataba siku ya kusaini: kwa kiasi gani, kwa taarifa ya siku ngapi, katika dirisha lipi. Timu kama hiyo ya jeshi huenda isikatae kumwekea beki mzoefu kipengele chenye kiasi kidogo.

Kuhusu ajira ya jeshi, ni kweli wapo wachezaji waliopata kazi kupitia timu za majeshi, na hilo ni jambo kubwa kuliko dau lolote. Lakini ajira za vyombo hivyo zina ukomo wa umri na sifa za elimu, na yeye ana 29. Aulize waziwazi: ni nafasi gani, kwa utaratibu upi, na kwa umri wangu inawezekana? Wakizungukazunguka, ahesabu kwamba ajira haipo na aipime ofa bila hiyo.

Aulize pia kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchezaji mwenye mkataba wa ajira ni mfanyakazi kama wengine. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anapaswa kubeba angalau nusu. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Wachezaji wachache sana hufikisha hiyo kwa mpira pekee, lakini miezi haipotei. Inaungana na ya kazi atakayofanya baadaye. Akaangalie taarifa yake pale ofisi za NSSF. Katika timu saba, huenda akakuta zilizompelekea michango ni mbili, na nyingine zilimkata tu.

Pesa ya dau ikiingia, wewe ndiye mtaalamu, si mimi. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi ya dagaa inapumzika, na aliyekula mtaji wakati wa giza anaumia. Mchezaji naye ana miezi yake ya mbalamwezi kati ya mkataba na mkataba. Weka pembeni chakula na ada za watoto za miezi sita kabla ya kugusa kitu kingine. Mtumbwi wa Ukerewe usiudharau, ila usiwe wa kumwondoa uwanjani leo. Na familia isihame kumfuata kila msimu. Mkikaa Igoma watoto wanasoma shule moja, na biashara yako ndiyo mshahara pekee ndani ya nyumba ambao hautegemei kocha.

Oman nitaipita haraka: huo ni utapeli, au unafanana nao kiasi kwamba haina maana kujua tofauti. Wakala wa mpira siku hizi lazima awe na leseni ya FIFA kwa jina lake mwenyewe, aliyoipata kihalali, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya FIFA. Mtafute huyo meneja kwa jina. Wakala hulipwa kamisheni mkataba ukishapatikana. TMS ni mfumo ambao klabu na mashirikisho hutumia kuhamisha wachezaji kati ya nchi na nchi, na hati ya uhamisho inaombwa kupitia huko. Hakuna ada ya "usajili wa TMS" anayotozwa mchezaji na meneja kwa M-Pesa. Klabu inayomtaka kweli itaandika barua ya mwaliko yenye nembo, tarehe na mtu wa kuwasiliana naye, na kwa kawaida itagharamia safari. Na kumbuka, klabu ya nje ina nafasi chache za wageni. Inampa mgeni aliye bora kuliko beki wao wa nyumbani, na sidhani kama wanamtafuta kwa meneja anayeomba milioni mbili Mwanza.

Limebaki goti, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Goti linalovimba baada ya mechi mara nyingi lina kitu ndani kinachosuguliwa: inaweza kuwa mto wa gegedu ulio kati ya mifupa ya goti umechanika, inaweza kuwa gegedu linalofunika mfupa linalika. Maji yanayojaa ndiyo namna ya goti kulalamika. Kama huwa anachomwa sindano kabla ya mechi, inanyamazisha maumivu tu, na kinachochanika kinaendelea kuchanika bila yeye kusikia. Jumapili kwenye ndondo ndiyo hatari zaidi: uwanja una mashimo, mwamuzi anaogopa mashabiki, na kwa sasa hana mkataba na timu yoyote. Akiumia pale hakuna klabu ya kumtibu, na hakuna mwajiri wa kupeleka taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Elfu 50 ya ndondo inaweza kula ofa zote mbili. Aache leo.

Anaogopa vipimo kwa sababu anadhani vitamnyima mkataba. Kanuni za FIFA zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya afya baada ya kusaini, ndiyo maana klabu makini hupima kwanza. Akificha, akapita, akavunjika mwezi wa tisa, watatafuta kila njia ya kusema alijua. Aende Hospitali ya Bugando akaonane na daktari wa mifupa na viungo kabla ya kusaini chochote. Kama goti linakwama asiweze kulinyoosha, au linamlegea akishuka ngazi, au uvimbe haujaisha asubuhi ya siku ya pili, asisubiri hata wiki. Mara nyingi jibu ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na mapumziko ya wiki kadhaa. Hayo timu ya miaka miwili inaweza kuyavumilia. Ya mwaka mmoja haina muda huo.

Umeona basi ninakoelekea. Majibu ya daktari yakiwa mazuri na timu iliyopanda ikikubali kulipa angalau milioni 8 za dau siku ya kusaini, acha aende huko, ana msimu mzuri ndani yake. Yakiwa na walakini, au wakigoma kubadilisha ile nusu ya Januari, mimi ningesaini jeshi, na mwaka wa kwanza ningeuliza chama cha mpira cha mkoa kuhusu kozi ya ukocha ya daraja D ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kwa sababu inafanyika mtu akiwa bado anacheza.

Kabla ya kusaini popote, apeleke rasimu ya mkataba kwa mwanasheria mmoja hapa Mwanza anayeshughulika na ajira. Ada ya kusomewa kurasa sita ni ndogo kuliko hasara ya mkataba mbovu. Aende na mikataba yote saba kama anayo. Asiyokuwa nayo aiombe kwa klabu kwa maandishi. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, nacho kipo, awasiliane nao kuhusu deni. Barua ya madai iandikwe wiki hii, dirisha likiwa bado wazi, na wewe baki na nakala yenye muhuri, isiwe kwenye begi lake la mazoezi.